Je, Asiyekudhuru Amekutendea Haki?

Natufikiri kidogo habari ya mtu aliyejiwa na mgeni. Mgeni huyu ana mwiko: hali nyama ya mbuzi, maana ndivyo alivyolelewa. Mwenyeji wake ajua, lakini nyumbani hana kitoweo kingine. Basi apika mbuzi, atia viungo vizuri, apakua, na anyamaza. Mgeni ala, ashiba, ashukuru, alala salama, na asubuhi aenda zake mwenye afya njema. Je, mwenyeji amefanya vema? Wako watakaosema, "Amemlisha chakula safi, wala hakudhurika, kosa li wapi?" Walakini mioyo yetu yakataa. Mgeni hakutiwa sumu, lakini amenyang'anywa kitu: haki ya kukubali au kukataa kwa kinywa chake mwenyewe.

Nimeleta mfano huu kwa sababu ya swali linalohusu vyakula vilivyobadilishwa jeni. Jeni ni chembe za urithi, ndizo zinazofanya mtoto afanane na mzazi wake, na mbegu ya mahindi iote mahindi wala si mtama. Siku hizi wataalamu waweza kuzibadili, au kutia jeni za kiumbe kingine, ili mmea upate sifa usiyokuwa nayo, kama vile kuwashinda wadudu au kustahimili dawa ya kuua magugu. Katika Marekani sehemu kubwa sana ya mahindi na soya zilimwazo ni za namna hii. Hizo hutoa mafuta, wanga na sukari ya maji, ambavyo hutiwa katika biskuti, michuzi na vinywaji vya supamaketi. Mtu aweza kuvila miaka mingi asijue.

Je, vyadhuru? Mwaka 2016 taasisi kuu ya wataalamu wa sayansi ya Marekani ilitoa taarifa baada ya kuchungua tafiti nyingi sana. Haikuona ushahidi thabiti kwamba vyakula hivyo vina hatari kwa afya ya watu kupita vile vya kawaida. Mimi sibishani na neno hilo. Nataka tulikubali, kisha tuulize: ikiwa chakula hakidhuru, je, muuzaji aweza kunyamaza?

Yaliyotokea katika Uingereza yatufundisha. Mwaka 1996 maduka ya Sainsbury na Safeway yalianza kuuza nyanya za kopo zilizosagwa, zilizotokana na nyanya zilizobadilishwa zisilainike upesi. Juu ya kopo iliandikwa waziwazi kwamba nyanya hizo zimebadilishwa. Tena kopo lilikuwa kubwa kuliko la kawaida kwa bei ile ile. Watu walisoma, wakapima, wakanunua. Kabla mauzo hayajakoma yalikuwa yameuzwa makopo kiasi cha 1,800,000.

Lakini mwishoni mwa mwaka ule ule wa 1996 zilifika Ulaya shehena za soya kutoka Marekani. Soya iliyobadilishwa ilikuwa imechanganywa na ile ya kawaida, na mnunuzi hakuwa na njia ya kuzitenga. Watu walipofahamu kwamba wanalishwa bila kuambiwa, wengi walikasirika. Mwaka 1998 mtaalamu Arpad Pusztai alisema katika televisheni kwamba panya waliolishwa viazi vilivyobadilishwa wamepatwa na madhara. Wataalamu wengi waliukosoa utafiti wake, lakini hofu ilikuwa imekwisha enea. Mwaka 1999 maduka makubwa yaliviondoa vyakula hivyo, na hata lile kopo la nyanya likaondolewa pamoja navyo, ingawa lenyewe halikuficha neno. Sisemi kwamba kimya peke yake ndicho kilicholeta hasara hiyo. Lakini mtu aliyekwisha kuuziwa mbuzi ndani ya gunia hasadiki tena, hata akionyeshwa mbuzi aliye wazi.

Sasa tusikilize wanaotetea kimya, maana wana hoja. Wasema kwamba alama juu ya chakula huonekana kama onyo. Mnunuzi ataogopa kitu kisicho na hatari, na mkulima aliyepata mavuno mema kwa mbegu hiyo atakosa soko. Wasema pia kwamba ziko mbegu nyingine ambazo wataalamu walizibadili kwa kuzipiga miali mikali, wala hakuna adaiye alama juu ya hizo. Kwa nini basi hizi zitengwe? Mwenyeji naye hawezi kumhesabia mgeni kila kitu kilichomo chunguni.

Hoja hizo ni nzito, lakini naona zina jibu. Ni kweli kwamba mwenyeji hawezi kutaja kila kitu. Walakini anapaswa kutaja kile anachojua kwamba mgeni angependa kukijua. Basi muuzaji asemaye, "Nikiwaambia hawatanunua," amejishuhudia mwenyewe. Amekiri kwamba jambo hili lina uzito kwa mnunuzi, na kwamba anataka fedha yake bila ridhaa yake. Kama hofu ya mnunuzi ni ya bure, dawa yake ni mafundisho, si kificho. Mwalimu haondoi ujinga wa mtoto kwa kumfumba macho.

Ulaya walifanya sheria mwaka 2003: chakula chenye kitu kilichobadilishwa kupita sehemu 0.9 katika 100 ya kiungo chake, kiandikwe. Marekani nao walipitisha sheria yao mwaka 2016, ikawa lazima tangu tarehe 1 Januari 2022. Lakini iliwaruhusu wauzaji kuweka, mahali pa maneno, alama ya kusomwa kwa simu. Kwa mzee asiye na simu ya namna hiyo, kusema kwa alama ya siri na kunyamaza vyatofautianaje?

Hata hivyo haki haikai upande mmoja. Mnunuzi adaiye kuambiwa kweli naye adaiwa kuipokea kama mtu mzima. Haifai asome alama kisha akimbilie sokoni kutangaza kwamba wenziwe wanalishwa sumu, hali hajauliza lolote. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kuhukumu kabla ya kuuliza. Wala asimdharau maskini anunuaye kile kilicho rahisi, maana yeye naye amechagua akiwa na macho wazi, na hiyo ndiyo heshima tunayoitetea.

Basi turudi kwa yule mgeni. Kama mwenyeji angalisema, "Ndugu yangu, leo sina ila mbuzi," yamkini mgeni angalikula kwa ajili ya njaa, au angaliomba ugali na chumvi. Kwa vyovyote wangaliagana marafiki. Lakini akija kusikia habari siku nyingine kwa jirani, hataulizia afya ya tumbo lake. Atauliza ni mambo gani mengine aliyofichwa katika nyumba ile.