Nyumba ya Kukokotwa

Nyumba ni nini? Ujanani nilikuwa na jibu la haraka: kuta nne, paa, na mlango unaofungwa kwa komeo. Siku hizi nasita. Kilichonisitisha ni chombo ambacho sisi wa Mwanza tumezoea kukiona kikipita barabara ya Musoma, yaani tela dogo la magurudumu mawili, limefungwa nyuma ya gari lenye vumbi la nchi tano au sita, na ndani yake mna hema, godoro, jiko la gesi na madumu ya maji. Wenyewe ni wageni wanaojiendesha, wengine wametoka Afrika Kusini, wanaelekea lango la Ndabaka ili waingie Serengeti. Wakifika Lamadi hununua nyanya, kisha hao wanapotea.

Nisingejishughulisha na tela la mtu kama shemeji yangu asingelitamani. Alikuwa bwana shamba wa pamba kwa zaidi ya miaka thelathini. Amestaafu, kiinua mgongo amepata, na nyumba yake ya Sengerema imesimama kwenye linta ikingoja paa. Badala ya kupaua, anataka fundi wa Nyakato amchomelee tela, amchukue dada yangu, waizunguke nchi wakiwa bado na magoti yanayokunjika. Ukoo umegawanyika. Wapo wasemao amepatwa na utoto wa pili, na wapo wanaomwonea wivu lakini hawasemi.

Tukitendee haki kwanza chombo chenyewe, maana wengi wanakilaumu bila kukijua. Babu yake ni tela la jeshi la robo tani lililokokotwa na Jeep katika Vita Kuu ya Pili. Baada ya vita watu wa nchi zenye nafasi kubwa, kama Australia na Afrika Kusini, walichukua wazo hilo wakalitia kitanda na jiko. Tela zuri la porini halina urembo. Ekseli yake ina upana sawa na ya gari, ili magurudumu yapite katika alama zile zile za matairi ya mbele. Ringi zake ni za aina moja na za gari, hivyo tairi moja la akiba linaokoa vyote viwili. Springi zake zinalingana na mzigo. Hapo ndipo mafundi wetu hupenda kuharibu: wanachukua springi za gari la tani tatu, na tela linaruka kama mbuzi hadi mayai yanakuwa uji. Lakini fadhila yake kubwa ni kwamba unaweza kulifungua ukaliacha chini ya mkwaju. Aliyefunga hema juu ya gari hulikunja kila anapotaka kwenda kununua chumvi. Mwenye tela huondoka, na akirudi nyumba yake inamngoja.

Kasoro zake pia ni za kweli. Kulirudisha nyuma kunahitaji akili ya kinyume, na nimewaona madereva wa malori wakitokwa jasho. Kwenye tope jeusi la mbuga za Usukuma, mvua ikinyesha, tela hugeuka nanga. Zamani tungeongeza foleni ya kivuko cha Kigongo na Busisi, ila tangu Juni 2025 daraja limefunguliwa na shemeji angevuka kwenda Sengerema bila hata kuzima injini.

Yote hayo ni hesabu za fundi. Yangu ni mengine. Novemba 1874 Henry Morton Stanley aliondoka Bagamoyo na msafara wa watu zaidi ya mia tatu. Miongoni mwa mizigo ilikuwamo mashua nzima, Lady Alice, iliyopewa jina la mchumba wake na kukatwa vipande ili ibebwe mabegani. Mwisho wa Februari 1875 walifika Kageyi, kwenye Ghuba ya Speke, si mbali na hapa ninapoandika. Mashua iliunganishwa, ikaelea, na bwana akalizunguka ziwa. Waliokufa njiani hawakuliona. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ukilipima kwa kipimo hicho, tela la shemeji ni chombo chenye adabu: kila kilo anayotaka kustarehe nayo ataivuta kwa dizeli aliyoinunua mwenyewe, na akizidisha, gari lake ndilo litakalolalamika kwenye mlima. Starehe isiyompanda mtu mgongoni siwezi kuiita dhambi.

Ugumu wangu uko visiwani. Wavuvi wa dagaa huvua usiku wa giza kwa taa. Mwezi ukipevuka taa zao hazivuti samaki, wanapumzika. Samaki wakihama, nao hukunja turubai na mabati yao, wakapakia mtumbwini, wakaenda kupiga kambi mwalo mwingine. Kwa vipimo vyote wanaishi kama yule mgeni wa Lamadi, wepesi na karibu na maji. Hata hivyo sijasikia anayewasifu kwa uhuru wao. Muulize mmoja wao anaota nini, atakutajia matofali. Na wazee waliopakiwa kwenye malori mwaka 1974, wakati wa Operesheni Vijiji, wakashushwa porini na vyungu vyao, hawalitamani turubai hata kidogo. Nadhani basi kulala nje ni raha kwa mwenye mlango wa kurudia. Turubai ni lile lile, ila mmoja amelichagua na mwingine limemchagua.

Ndiyo maana nilimwambia shemeji apaue kwanza. Alinijibu kwa upole kwamba miaka thelathini amelala katika nyumba za wageni za vituo vya pamba, akiwahimiza wengine wang'oe masalia ya miti ya pamba kwa wakati, na paa halijawahi kumkimbia mtu, lakini magoti hukimbia. Sikuwa na la kumrudishia. Hoja yake ni ya kweli, na yangu pia ni ya kweli, na pesa ni zile zile moja.

Dada yangu alikuwa kimya muda wote, akichambua mchele. Aliuliza swali moja tu: "Kitanda hicho ni cha watu wawili. Mama akija atalala wapi?"

Shemeji alitazama mchoro wake kwa muda mrefu. Kesho yake alikwenda Nyakato kumwuliza fundi bei ya turubai la ubavuni, lenye kuta. Akiwa huko huko, nasikia, aliuliza pia tela lingeweza kubeba mabati mangapi kwa safari moja.