Mafuta Yanadondoka Huku, Yanatoka Kule



Leo tunataka kuwaza pamoja nanyi juu ya swali moja ambalo ni gumu. Jambo baya likionekana katika nyumba, katika paruwasi au katika nchi, tutajuaje chanzo chake? Na tunayo haki ya kumnyoshea mtu kidole wakati gani? Tutaanza na habari ya motokari. Msishangae. Ni motokari hiyo iliyotufundisha, tena ilitufundisha kwa haya.

Wengi wenu mnaijua motokari ya paruwasi yetu, ile ya zamani, ya dizeli, yenye kuvuta kwa magurudumu yote manne. Imebeba marehemu wetu, imepeleka mama wenye uchungu hospitalini usiku, imefika kwa waamini wa barabara ya Bafwasende wakati wa mvua, mahali ambapo matope yanameza lori nzima. Basi motokari hiyo ilianza kupoteza mafuta ya motere. Asubuhi tulikuta chini yake doa jeusi, ukubwa wa sahani. Na kijiti cha kupimia kilionyesha kwamba kila juma inakosekana karibu lita moja.

Sisi wa komite tulikaa na kufanya hesabu. Doa ni dogo, lita ni kubwa. Doa la ukubwa wa sahani haliwezi kumeza lita nzima. Basi lita inakwenda wapi? Kila mtu wa mji huu anajua kwamba mafuta ya motere yanauzika haraka. Shofere wetu alituambia, «Baba zangu, yanavuja njiani.» Hatukumsikia. Tulichukua funguo mkononi mwake, mbele ya watu, akarudi nyumbani kwake.

Tulimweka mwingine. Juma la kwanza, lita moja ikakosekana. Juma la pili, vilevile. Hapo tungepaswa kukimbia kwa yule wa kwanza na kumwomba msamaha. Hatukufanya hivyo. Tulisema, «Labda yeye ndiye aliyeiharibu motokari kabla ya kuondoka.» Tazameni, ndugu, moyo wa mtu ulivyo. Tulipokosa ushahidi wa shitaka la kwanza, tulitunga la pili, ili mtu yuleyule abaki na kosa.

Kisha tuliita mekanisiye mmoja. Alilala chini ya motokari, akaona mafuta yakidondoka pale motere inapoungana na bwati ya vitesi. Alisema bila kukawia: ni ile duara ya kaucho ya nyuma ya motere, inayoitwa spi, imekufa. Ni lazima kushusha bwati ya vitesi yote. Alitaja bei, tukaogopa, tukaanza kupanga nsinsani ya kuchangisha fedha hizo.

Mzee mmoja, mwamini mwenzetu aliyefanya kazi ya motere tangu ujana wake, alisikia tangazo la nsinsani. Alikuja akatuuliza neno moja tu: «Mliisafisha kwanza?»

Hatukuwa tumeisafisha. Motere ilikuwa imefunikwa na uchafu wa miaka, mafuta juu ya vumbi, vumbi juu ya mafuta. Mzee alituambia kwamba katika motere chafu kila mahali panaonekana kuwa na kosa. Alingoja ipoe. Alifunika kwa plastiki mahali pa umeme na mahali motere inapovutia hewa, akaiosha kwa brosi, sabuni na mafuta kidogo ya dizeli, akaikausha. Kisha alichukua poda nyeupe, ile ya watoto wachanga, akainyunyiza mahali alipopashuku. Aliwasha motere mpaka ikapata moto, akaitembeza njia fupi, akarudi na tochi na kioo kidogo.

«Mafuta,» alisema, «yanafanya mambo mawili. Yanashuka chini, na upepo wa njia unayasukuma nyuma. Kwa hiyo pale mnapoyaona yakidondoka, ni mwisho wa safari yake. Tafuteni mahali palipolowa palipo juu zaidi na mbele zaidi.»

Tulitazama ndani ya kioo. Poda ilikuwa imechorwa mstari mweusi. Mstari huo ulitoka nyuma ya kifuniko cha juu ya motere, ukashuka mgongoni mwa motere, ukafika pale kwenye bwati ya vitesi, na pale ukadondoka. Spi iliyohukumiwa haikuwa na kosa. Mzee alitueleza pia habari ya hesabu yetu. Motere ikilala usiku, mafuta ni mazito na baridi, yanadondoka kidogo. Motere ikikimbia, mafuta ni mepesi, yana moto, yanasukumwa, na yanatoka zaidi. Lita yetu ilikuwa inamwagika barabarani kama shofere alivyosema. Doa la asubuhi lilikuwa mabaki tu.

Tulifurahi, tukataka abadilishe ile karatasi ya kuzibia chini ya kifuniko, kazi iishe. Lakini mzee alikataa kufunga. Aliuliza swali la tatu: «Kwa nini pametoboka hapo?»

Alitueleza kwamba katika kila motere moshi kidogo wa mlipuko unapita kando ya pistoni na kuingia tumboni. Ni lazima moshi huo upate njia ya kutokea, na kuna bomba maalum ambalo motere inapumulia. Likizibika, nguvu inajaa ndani, nayo inatafuta mahali palipo dhaifu kuliko pote ili itokee. Alifungua kizibo cha kutilia mafuta, motere ikiwa inazunguka, pumzi ikatoka kwa nguvu kama ya mtu aliyekabwa. Alichomoa bomba. Lilikuwa limejaa tope jeusi. «Mkiweka karatasi mpya na kuacha bomba hili hivi,» alisema, «mafuta yatatoboa mlango mwingine, na mtamlaumu huyo mwingine.»

Tulimwuliza tope hilo limetoka wapi. Aliinamisha kichwa, maana alituheshimu. «Baba zangu, ni mafuta ya zamani ambayo hayakubadilishwa kwa wakati wake.»

Ndugu, nani aliyekawisha kubadilisha mafuta? Shofere aliomba mara tatu. Sisi wa komite tulijibu kwamba fedha hazipo, angoje. Tuliyemtafuta chini ya motokari, na katika nyumba ya shofere, alikuwa ameketi kwenye meza ya komite. Tengenezo lenyewe lilikula karatasi moja ya kuzibia, kipande cha bomba na nusu ya siku. Nsinsani haikuwa na lazima tena. Jumapili iliyofuata tulisimama mbele ya watu, kwa sababu ni mbele ya watu tulimwaibisha, tukamwomba shofere wetu msamaha na kumrudishia funguo.

Tumewaletea habari hii kwa sababu ya mambo yaliyo makubwa kuliko motokari.

Katika mji wetu, Makiso na Mangobo, Kabondo na Lubunga, mko nyumba ambazo mambo yameharibika. Baba amekosa kazi, mtoto mdogo ameugua homa, mavuno yamekwisha, mama wa pili hasikilizani na watoto wa mama wa kwanza. Mara nyingi katika nyumba kama hiyo kuna mtoto mmoja anayekojoa kitandani, au anayeota ndoto na kulia usiku, au yatima aliyeletwa kutoka kijijini. Kisha mtu fulani anasema: ni huyu, ni mchawi. Mtoto anapigwa, ananyimwa chakula, anafukuzwa. Tunawakuta watoto hao sokoni na bandarini.

Tuulize yale maswali matatu ya mzee. Baya limeonekana wapi? Kwa mtoto. Limetoka wapi? Hapo ni lazima kwanza kusafisha: kuondoa maneno ya jirani, chuki za zamani, hofu, na kutazama kwa tochi. Homa inapimwa hospitalini. Kazi ilipotea kwa sababu inayojulikana. Na swali la tatu: kwa nini nguvu ilitokea kwa huyo mtoto? Kwa sababu yeye ndiye dhaifu kuliko wote. Nyumba ilijaa uchungu usio na njia ya kutokea, ukatoboa pale. Mtoto anayekojoa kwa hofu anaonyesha pumzi iliyofungwa ya nyumba nzima. Mkimfukuza, bomba linabaki limezibika, na mwaka ujao mtamshitaki mwingine.

Wengine watatuambia: «Lakini uovu upo, na Maandiko yanasema kulikuwa na mwenye kosa aliyeleta hasara kwa watu wote.» Ni kweli, uovu upo. Someni basi habari ya Akani katika Yoshua sura ya 7, na msome polepole. Yoshua hakushika wa kwanza aliyependeza macho yake kumshitaki. Alikwenda kabila kwa kabila, jamaa kwa jamaa, nyumba kwa nyumba, Mungu mwenyewe akiongoza. Akani alikiri kwa kinywa chake. Na hata baada ya kukiri, watu walitumwa hemani, na vitu vikakutwa vimefichwa chini. Ninyi mnaomshitaki mtoto, mlichimba wapi, mkakuta nini?

Tena tusome Yohana sura ya 9. Wanafunzi walimwona mtu aliyezaliwa kipofu, wakataka kujua nani alifanya dhambi, yeye au wazazi wake. Bwana hakuwapa jina la mwenye kosa. Alikataa yote mawili, kisha akatema mate, akafanya tope, akaponya. Kuna mambo yasiyo na mshitakiwa. Mzee wetu naye alituambia kwamba motere ya zamani daima inatoka jasho kidogo, na jasho si kuvuja. Mzee wa miaka mingi akifa, ni jasho la dunia. Hakuna haja ya kumtafuta aliyemla.

Sisi wana wa Kanisa hili tungepaswa kujua neno hili kuliko wengine. Tarehe 6 Aprili 1921, huko Nkamba, Papa Simon Kimbangu alianza kazi ya kuponya, na watu wakaacha mashamba na kazi za wazungu wakamfuata. Serikali ya koloni iliona doa, ikasema chanzo ni mtu huyu. Haikutazama kodi, kazi za nguvu na taabu zilizowajaa watu tumboni bila mahali pa kupumulia. Tarehe 3 Oktoba 1921, katika Thysville, leo Mbanza-Ngungu, alihukumiwa kufa, kisha hukumu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha. Alikaa gerezani miaka 30, akafa tarehe 12 Oktoba 1951 katika Elisabethville, leo Lubumbashi. Waliomwamini walihamishwa kwa nguvu mbali na makwao, na wengine waliletwa Lowa, hapa upande wa Ubundu. Je, kuvuja kulikoma? Tarehe 24 Desemba 1959 serikali ileile ililitambua Kanisa. Basi sisi tuliozaliwa na mtu aliyehukumiwa bila kosa, tutawezaje kumhukumu mtoto asiye na kosa? Naye Papa alitufundisha kuacha nkisi. Mtu akitupa nkisi mtoni na kubaki na woga wa mchawi ndani ya nyumba, ametupa kijiti, mti ameuacha.

Sheria ya nchi nayo inasema. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto kuwa mchawi, na sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya kulinda mtoto inaadhibu kosa hilo. Lakini tusingoje polisi. Tuna Amri zetu.

Kwa hiyo, wapendwa, jambo likiharibika kwenu, msianze na jina la mtu. Anzeni na maji na sabuni. Mkishapata pale panapotoka, ulizeni tena kwa nini pametoboka. Na mkifuata njia mpaka juu mkajikuta ninyi wenyewe, msigeuke nyuma. Kama mlishitaki mbele ya watu, ombeni msamaha mbele ya watu.

Motokari yetu inatembea. Inatoka jasho kidogo. Shofere wetu anapima mafuta kila asubuhi, kisha anatuletea kijiti ili tukitazame. Tumemwambia mara nyingi kwamba si lazima tena, tunamwamini. Anaitika, na kesho yake anakileta tena. Tunakitazama, tunamshukuru, na tunakumbuka.

Mungu atupe moyo wa kutafuta kweli bila kuharibu mtu.

Upendo, Amri, Kazi.