“Alikubali mwenyewe”: Chaja ya laptopu na ridhaa ya asiyejua bei

NDUGU msomaji, wiki chache zilizopita alinijia mama mmoja kutoka Mamba, juu milimani huku kwetu Same. Binti yake anasoma chuo kikuu Dodoma na chaja ya laptopu yake ilikuwa imeungua. Mama akauza tangawizi, akampa fedha kijana wa hapa mjini anayeuza vifaa vya kompyuta kwenye makundi ya WhatsApp na Facebook. Chaja akauziwa kwa shilingi 95,000. Ilipomfikia binti kule Dodoma, akakuta chaja ya aina hiyo hiyo katika duka la jirani na chuo inauzwa shilingi 35,000.

Sisi Wapare tunataniwa kuwa tuko tayari kuuza ng’ombe ili kuendesha kesi ya mbuzi. Mama huyu hakutaka kesi. Alikuja na swali moja tu: “Mwalimu, hii nayo ni riba?”

Nikamjibu kuwa si riba. Riba ina milango yake inayojulikana, na Qur’an (2:275) imeitenga na biashara. Yeye alinunua bidhaa kwa fedha taslimu. Lakini nilipokuwa nikimjibu nilijua kuwa sijamjibu alichouliza. Alichotaka kujua ni kama amedhulumiwa.

Kijana mwenyewe namfahamu. Nilimfundisha Maarifa ya Uislamu, na safu ya kwanza ya swala ya Isha haimkosi. Nilipomuuliza, akanijibu kwa aya niliyomfundisha mimi mwenyewe, ile ya Suratun-Nisaa (4:29) inayokataza kula mali za watu kwa batili isipokuwa iwe ni biashara ya kuridhiana. “Mwalimu, yule mama alikubali mwenyewe. Sikumlazimisha.” Nakiri kuwa usiku ule sikuwa na jibu.

Kwanza tumtendee haki kijana. Uislamu haukuweka kiwango cha faida. Swahaba Urwa al-Bariqi alipewa na Mtume (s.a.w.) dinari moja amnunulie kondoo. Akanunua wawili, mmoja akamuuza kwa dinari moja, akarudi na kondoo na dinari yake. Mtume (s.a.w.) hakumkemea, bali alimwombea baraka katika biashara zake. Hiyo ni faida ya asilimia mia. Na bei zilipopanda Madina, watu wakamwomba Mtume (s.a.w.) awapangie bei, alikataa, kwa kuchelea kukutana na Mola wake akiwa na dhulma ya mtu. Kwa hiyo wanaodhani kila bei kubwa ni haramu waipitie upya elimu yao.

Tena Same si Kariakoo. Mzigo unasafiri zaidi ya kilomita 400 kwa basi na unalipiwa. Chaja nyingine inafika imekufa. Muuzaji ananunua bando kila siku, na pengine anauza chaja mbili kwa mwezi. Angeuza kwa 45,000, hata 50,000, nisingeandika makala hii.

Sasa ilifikaje 95,000? Hili ndilo lililonishangaza, na kijana alinieleza bila kuficha. Chaja hakuwa nayo. Alikuwa na picha ya chaja. Picha aliitoa kwa dalali wa Moshi, naye aliitoa kwa winga wa Kariakoo, na winga aliipiga kwenye duka la mtu. Duka lilitaka 30,000. Winga akaweka cha juu chake ikawa 45,000, wa Moshi akaifikisha 65,000, na kijana wetu akamalizia. Kila mmoja aliweka cha juu juu ya cha juu cha mwenzake. Wawili kati yao hawakuigusa chaja kwa mikono yao.

Haya si ya Kariakoo peke yake. Mwaka 2011, katika soko la mtandaoni la Amazon, kitabu kimoja cha kisayansi kuhusu nzi kilifikia bei ya zaidi ya dola milioni 23. Profesa Michael Eisen wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alifuatilia akagundua kuwa wauzaji wawili waliachia programu za kompyuta ziwapangie bei. Mmoja alijiweka chini kidogo ya mwenzake kila mara, na wa pili akijipandisha karibu asilimia 27 juu ya wa kwanza. Profesa alikisia kuwa huyu wa pili kitabu hakuwa nacho kabisa, ila akipata mteja angekwenda kukinunua kwa yule wa kwanza. Basi bei zikawa zinapandishana zenyewe, na hakuna mwanadamu aliyekuwa anatazama.

Hebu tulinganishe na swali alilouliza swahaba Hakim bin Hizam. Alisema kuwa mtu humjia akitaka kitu asichokuwa nacho, naye humuuzia kisha huenda sokoni kumnunulia. Mtume (s.a.w.) akamkataza kuuza asichokuwa nacho. Hadithi hii wameipokea Abu Daud, Tirmidhi na wengineo. Swali lile lingeweza kuulizwa leo na kijana yeyote mwenye simu.

Wapo watakaosema kuwa udalali si haramu. Ni kweli. Imam Bukhari ametaja kuwa Ibn Sirin na wenzake hawakuona ubaya katika ujira wa dalali, na kwamba Ibn Abbas aliruhusu mwenye nguo amwambie mtu amuuzie kwa bei fulani na kitakachozidi kiwe chake. Lakini tazama vizuri: hapo mwenye mali anajua na ameruhusu, na aliyetumwa ni wakala. Kijana wetu hakusema ni wakala. Mama alipomwomba apunguze, alimjibu kuwa hiyo ndiyo bei aliyoingizia mzigo. Hapo tumetoka kwenye cha juu, tumeingia kwenye uongo.

Turudi kwenye ridhaa, maana ndiyo ngao yao. Watu wa milimani wanalijua jambo hili kuliko mimi, kwa sababu ya tangawizi. Mlanguzi anapanda hadi shambani kabla mkulima hajajua bei ya mjini, anamwambia soko limekufa, na gunia analijaza lumbesa. Mkulima anakubali mwenyewe! Mbona hapo sote tunasema ameibiwa? Mtume (s.a.w.) alikataza kuwapokea njiani wenye misafara kabla hawajafika sokoni, na katika mapokezi ya Muslim, aliyeuza njiani akifika sokoni ana hiari ya kuvunja mauzo. Naye pia alikuwa ameridhia. Kwa nini apewe hiari? Kwa sababu aliridhia akiwa hajui.

Sisi tuliolelewa katika madhehebu ya Imam Shafi tunafahamu kuwa kupunjwa bei peke yake hakubatilishi mauzo. Wanazuoni wa Kihanbali wao wamempa hiari mnunuzi asiyejua bei wala kupatana, akipunjwa kupita kiasi. Tofauti hiyo ipo na tuiheshimu. Ila mauzo kusihi ni jambo moja, na muuzaji kusalimika mbele ya Allah (s.w.) ni jambo jingine.

Imam Ghazali katika Ihyaa anasimulia habari ya Yunus bin Ubayd, mfanyabiashara wa Basra na mwanafunzi wa Hasan al-Basri. Alikuwa na mavazi ya dirhamu 400 na mengine ya 200. Alikwenda kuswali akamwachia duka mtoto wa ndugu yake. Akaja bedui akitaka vazi la 400, akaonyeshwa la 200, akalipenda, akalilipia 400. Yunus akakutana naye njiani, akalitambua vazi, akamuuliza bei. Alipojua, akamwambia arudi dukani. Bedui akakataa, akasema kwao vazi lile linafika 500 na yeye ameridhika. Yunus hakukubali. Alimrudisha, akamrejeshea dirhamu 200, na yule kijana akamgombeza.

Ndugu msomaji, bedui yule alikuwa ameridhika kuliko mama wa Mamba. Alijua hata bei ya kwao. Lakini hakujua bei ya pale pale dukani, na Yunus aliona hilo linatosha.

Ndiyo maana haya matangazo ya “bei njoo inboksi” yananitia wasiwasi. Bei ikiandikwa hadharani, wa Mamba na wa Masaki wanaiona ileile. Ikifichwa inboksi, muuzaji anapata nafasi ya kwanza kumpima mteja, ni msomi au si msomi, ana haraka au hana, kisha ndipo ataje. Vijana wetu waandike bei. Waseme kama chaja ni orijino, kopi au iliyotumika, na kama ni yao au wanatumwa. Nasi wanunuzi tusome volti na ampea zilizoandikwa chini ya laptopu, tuulize sehemu mbili tatu kabla ya kutuma fedha.

Nilimrudia kijana nikampa kisa cha Yunus. Akanyamaza, kisha akasema: “Mwalimu, mimi nilipata 30,000 tu. Nyingine wamekula wenzangu.” Nikamwambia simuulizi za wenzake. Baada ya siku tatu alinitumia 20,000 kwenye simu, akasema 10,000 amebaki nazo kwa nauli ya mzigo na usumbufu. Nikazipeleka Mamba. Mama akanipigia kuuliza kama hiyo ni sadaka ili amwombee dua aliyeitoa. Nikamwambia si sadaka, ni fedha zake.