Mfuko Umejaa



Kwenye stoo ya sakristia yetu kulikuwa na mashine ya kufyonza vumbi ya zamani, ile ya kusimama, yenye mfuko wa kitambaa unaoning'inia kwenye mpini. Masista waliiacha walipohama. Kila aliyeijaribu alisema imekufa. Kwaresima iliyopita Baba Paroko akaniambia, "Wewe si unapenda kufunguafungua vitu? Haya, ichukue."

Nikaichukua. Waya ulikuwa umeliwa na panya, nikaweka mwingine. Kaboni za mota zilikuwa zimeisha, nikapata za drili na kuzipunguza kwa msasa mpaka zikaingia. Mkanda unaozungusha brashi ulikatika zamani, nikakata pete kwenye tyubu ya baiskeli. Nikawasha. Jamani, ule mngurumo! Mama alitoka jikoni kuja kuangalia. Lakini nilipoipitisha kwenye zulia, haikuokota hata punje ya mchele.

Siku mbili nzima nailaumu mota. Ya tatu ndiyo nikafungua mfuko, nikakuta vumbi limeshikana kama tofali. Kumbe mashine hizi hazina maajabu. Feni inasukuma hewa na vumbi kuingia mfukoni, hewa inatokea kwenye vitundu vya kitambaa, vumbi linabaki. Vitundu vikiziba, hewa haina pa kupita. Mota itazunguka na kelele utaisikia, ila hakuna kinachosafishwa.

Mwenzenu nilikaa sakafuni naliangalia lile tofali, nikajiona mwenyewe. Naimba kwaya. Naongoza rozari jumuiyani. Mngurumo upo! Lakini nilikuwa na miaka minne sijaungama, kwa sababu nilijua nitatakiwa kumtaja kaka yangu. Alichukua hela ya ada yangu akaiingiza kwenye biashara, biashara ikafa, na tangu siku ile sikumsalimia. Dhambi nyingine ningeweza kuzisema. Hii nilikuwa naitunza.

Fungua Luka 15:8. Mchungaji na mwana mpotevu tunawahubiri sana, huyu mama aliyepoteza shilingi yake tunamruka. Angalia anavyoanza: anawasha taa kwanza, ndipo anafagia. Na aliyewahi kufagia sakafu ya udongo anajua, vumbi linainuka, unakohoa, nyumba inaonekana chafu kuliko mwanzo. Kuchunguza dhamiri ndivyo kulivyo. Wengi tunaacha ufagio hapo hapo penye kukohoa, tunasema basi, tutaendelea Pasaka.

Kuna mtu mmoja kukohoa kulimfikisha mbali. James Murray Spangler alikuwa mfagizi wa duka kubwa mjini Canton, Ohio, Marekani. Alikuwa na pumu, na vumbi la ufagio lilimtesa. Mwaka 1907 akaunganisha mota ya feni, mpini wa ufagio na foronya ya mto, na 1908 akapewa hataza ya mashine yake. Mzee yule hakukubali kuzoea vumbi. Alilitafutia pa kwenda. Sisi Wakatoliki pa kulipeleka tunapo, pana kiti na padre amekaa anasubiri, halafu tunapita nje tukienda kupiga selfi kwenye groto.

Mfuko wa zamani haukufulika. Mama akanishonea mwingine, naye pia kwa foronya (sikuwa nimemwambia habari za Spangler, nacheka mpaka leo). Bodi nikaipaka rangi ya buluu, ya Mama Maria.

Ijumaa nikaenda kuungama. Nilitegemea padre atashtuka. Hakushtuka hata kidogo. Malipizi yangu hayakuwa Salamu Maria tatu, yalikuwa simu moja. Aise, bora angenipa rozari kumi! Nilipiga ikaita mpaka ikakata. Nikapiga tena, akapokea.

"Shikamoo, kaka."

Kimya. Nikadhani mtandao.

"Marahaba," akasema, halafu akauliza mama anaendeleaje.

Habari ya hela hatujaigusa bado.

Kwa wa parokia yetu: Jumamosi maungamo ni saa kumi jioni. Mimi nitakuwepo tangu saa nane nasafisha zulia la altareni. Ukiwahi na kelele ikakusumbua, nipungie mkono, nitazima.