"Ndivyo Nilivyozaliwa"



Ndugu zangu katika imani, wiki iliyopita bwenini mmoja wetu alimpiga mwenzake kofi la sikio kwa sababu ya chaja ya simu. Alipoambiwa aombe msamaha akajibu: "Mimi ndivyo nilivyozaliwa. Kwetu wote damu ni ya moto, baba pia yuko hivi." Mwanafunzi mmoja wa tiba akamwongezea hoja: iko jeni ya ukali.

Jeni anayoitaja ni MAOA. Mwaka 1993 Han Brunner na wenzake waliandika habari za ukoo mmoja wa Uholanzi ambao baadhi ya wanaume wake walikuwa na jeni hiyo iliyoharibika, nao walilipuka kwa hasira. Lakini kasoro ile ni nadra mno. (Tena jeni hiyo iko kwenye kromosomu X, ambayo mtoto wa kiume huipata kwa mama. Baba asisingiziwe.) Mwaka 2002 watafiti waliofuatilia vijana wa Dunedin, New Zealand, walikuta aina dhaifu ya jeni hii ikiambatana na ukorofi hasa kwa wale walioteswa utotoni.

Uislamu haukatai tabia ya kuzaliwa. Ashajj wa Abdul-Qays aliposifiwa na Mtume (s.a.w.) kwa upole na kutofanya pupa, aliuliza kama sifa hizo amezichuma au ameumbwa nazo. Akajibiwa kuwa ameumbwa nazo. Je, aliyeumbwa kinyume chake? Mtu mwingine alikuja kuomba wasia, akalirudia ombi lake, na kila mara akausiwa asikasirike. Hakuulizwa ni wa ukoo gani. Na aliyekasirika akiwa amesimama alifundishwa akae, isipomwondoka alale: tiba ya mwili kwa jambo linaloanzia mwilini.

Imam Ghazali, katika Ihyau Ulumid-Din, aliwajibu waliodai tabia haibadiliki kwa mfano wa kokwa ya tende. Kokwa si mtende, ila ikilelewa huwa mtende. Hakutaka hasira ing'olewe, alitaka ifunzwe.

Nasi watu wa nchi hizi za Maziwa Makuu, kauli ya "wale wamezaliwa hivyo" tunajua ilitufikisha wapi.

Ndugu yetu aliomba msamaha baada ya sala ya Ijumaa. Zimebaki gharama za daktari wa sikio. Hizo ni haki ya mwenzake, mpaka alipwe au asamehe mwenyewe.