Mwenyeji na Nyumba ya Makumbusho

Mgeni atokaye ng'ambo, hata akiwa na siku mbili tu Dar es Salaam, hutenga saa chache za kuzuru Makumbusho ya Taifa. Mwenyeji wa Magomeni aweza kuishi hapa miaka arobaini, akashika Barabara ya Morogoro kila asubuhi kwenda mjini, asiingie humo hata mara moja. Tukimwuliza sababu, atajibu kwamba makumbusho hayakimbii. Atakwenda siku yo yote. Nasi twajua kwamba siku yo yote ni siku isiyofika. Basi twajiuliza: je, kuzuru nyumba za sanaa za mji wetu wenyewe ni anasa ya mwenye nafasi, au ni wajibu?

Wako wasemao kuwa ni anasa. Mtu wa Magomeni, wasema wao, ana nauli ya kutafuta na soko la Kariakoo la kuwahi alfajiri. Tena sanaa anayo nyumbani: kanga yenye jina lake, mkeka wa ukindu, ngoma ya arusi uani. Hoja hii ina uzito, wala hatuipuuzi. Sanaa yetu haikuzaliwa katika kabati la kioo; ilizaliwa katika matumizi, na ngoma iliyonyamazishwa kiooni imepungukiwa na jambo.

Lakini na tutazame upande wa pili. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alianza kuchora hapa Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, akitumia rangi za kung'aa zipakwazo baiskeli. Alifariki mwaka 1972. Walionunua picha zake walikuwa wageni zaidi kuliko sisi, na nyingi zilichukuliwa ng'ambo. Hakuna aliyetuibia. Wao walisimama, wakatazama, wakalipa, sisi tulipita. Asiyekitazama kitu hawezi kujua kinapotoweka. Hapo ndipo jambo hili linapoacha kuwa starehe, likawa suala la maadili.

Jumba la makumbusho la Dar es Salaam lilifunguliwa mwaka 1940 kwa kumbukumbu ya mfalme wa Uingereza, George wa Tano. Baada ya Uhuru likawa letu kwa sheria. Sheria yaweza kubadili jina la mwenye nyumba kwa siku moja. Lakini kuwa mwenyeji ndani ya nyumba ni kazi ya miguu na macho, na hakuna sheria iwezayo kuifanya kwa niaba yetu.

Yatupasa, basi, kupanga. Sisi walimu tuna kosa la kukiri. Mara nyingi tumewapeleka wanafunzi mara moja tu, wakiwa katika mistari mirefu, tukawahimiza kunakili kila kibandiko, wakarudi na madaftari yaliyojaa na macho matupu. Ni afadhali kuanza karibu. Hapa hapa Magomeni imehifadhiwa nyumba aliyoishi Mwalimu Nyerere miaka ya 1950, wakati wa harakati za TANU. Mwanafunzi aweza kwenda kwa miguu. Muhula unaofuata, aende Kijiji cha Makumbusho, kando ya Barabara ya Bagamoyo. Huko yuko msonge wa Wahaya na tembe la Wahehe. Mtoto aliyekulia katika nyumba yetu ya vyumba sita na ukumbi katikati atajiuliza kwa nini wengine walijenga hivi, na yeye mwenyewe aishi vile. Ndipo aende Makumbusho ya Taifa, achague kitu kimoja tu, akae nacho. Aulize: nani alikifanya, kwa nini, kwa ajili ya nani?

Tena asiende peke yake. Amchukue bibi yake. Mbele ya kinu au chungu, bibi atasema yale ambayo kibandiko hakikuandika, na ile ngoma iliyonyamaza itapata msemaji. Bila ya bibi huyo na mjukuu huyo, walinzi watalinda, funguo zitafunga, na vitu havitapotea. Lakini kitu kisichotazamwa na mwenyewe kimehifadhiwa nusu tu. Nusu ya pili haimo mikononi mwa Serikali. Imo mikononi mwetu, na siku yake yafaa itajwe kwa jina: Jumamosi hii.