Mdai Naye Ana Neno

Soko la mahindi la Kibaigwa, wilayani Kongwa, linakwenda kwa mizani na kwa kuaminiana. Mizani kila mtu anaiona. Kuaminiana kumo kwenye kipande cha karatasi kilichochanwa daftarini: jina, idadi ya magunia, kiasi kilichobaki. Mkulima anayeondoka na karatasi hiyo badala ya fedha taslimu amekuwa mdai, hata kama nauli ya kurudia kijijini ameazima.

Siku hizi za mikopo ya kausha damu, neno "mdai" huleta sura ya mtu anayekuja kubeba kochi na televisheni, na huruma zote humwendea mdaiwa. Ni huruma ya haki. Lakini mchuuzi wa nafaka akifilisika, wanaomdai ni huyo mkulima, kuli aliyepakia lori na mama ntilie aliyewalisha vibarua. Kuna wadai maskini kuliko mdaiwa wao.

Sheria ya Ufilisi, Sura ya 25, iliyotungwa enzi za mkoloni, haikuwasahau. Mahakama ikishaiweka mali ya mdaiwa chini ya mpokeaji rasmi, wadai huitishwa mkutano. Kila mmoja huthibitisha deni lake na kupiga kura. Siku mdaiwa anapohojiwa hadharani, mdai aliyethibitisha deni anaruhusiwa kumuuliza mali imekwenda wapi. Nyuma ya utaratibu huo imesimama Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba ya 1977, inayompa kila mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu.

Lakini kama mali imekwisha, kumsikiliza mdai kuna faida gani?

Hadithi moja ya Mtume Muhammad inaligusa swali hili. Mtu alimjia kudai ngamia wake kwa maneno makali, masahaba wakataka kumshughulikia. Mtume akawazuia: mwenye haki ana la kusema. Kisha akaagiza mtu huyo alipwe ngamia bora kuliko wake. Hadithi nyingine ni ya mnunuzi wa matunda aliyepata hasara. Watu walimchangia sadaka, lakini haikutosha, na wadai wakaambiwa wachukue kilichopatikana, hawana zaidi ya hapo. Kwa hiyo kusikilizwa hakumaanishi kulipwa chote. Mdai anasikilizwa kwa sababu alimwamini mtu, na imani hiyo haifutwi na hesabu peke yake.

Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, nayo inampa mdai nafasi yake na mpaka wake: asubiri nje mdaiwa amletee rehani, wala asichukue jiwe la kusagia. Ugogoni, ilipo Kongwa yenyewe, ambako vizazi vingi vimesaga uwele kwa jiwe, amri hiyo haihitaji mfasiri. Sheria ya ufilisi nayo humwachia mufilisi vifaa vyake vya kazi, nguo na matandiko.

Penye kasoro ni mlangoni pa sheria hiyo. Tangazo la ufilisi huchapishwa katika Gazeti la Serikali na gazeti la kawaida, na mkulima wa Kongwa hasomi lolote kati ya hayo. Haki ya kusema aliyopewa mtu asiyejua siku ya kikao bado hajaipata. Tangazo hilo lingebandikwa kwenye ubao wa soko na ofisi ya kijiji, likasomwa baada ya swala ya Ijumaa na ibada ya Jumapili, kwa Kiswahili na kwa Kigogo, likitaja siku, mahali na cha kubeba: karatasi ile ile ya daftari, iliyofungwa kwenye pindo la kanga tangu msimu wa mavuno.